Wanja Machoni mwa Mtoto: Tunatetea Sunna Ipi?



Ndugu zangu, juzi baada ya darsa ya magharibi nililetewa ujumbe na mama mmoja wa hapa Mombasa. Amejifungua, mtoto ametimiza arobaini, akampeleka kliniki kupimwa uzito. Muuguzi akamwona mtoto amepakwa wanja machoni na kwenye nyusi, akamwambia mama aufute na asimpake tena, kwa sababu wanja mwingi unaouzwa una madini ya risasi. Kufika nyumbani, mama mkwe akaja juu. Akasema watu wa hospitali wanapiga vita sunna ya Mtume (s.a.w.). Sasa mama wa watu yuko katikati, ananiuliza: ustadh, nimsikilize nani?

Msikilize muuguzi, mwanangu. Ufute leo. Na mama mkwe mwambie imamu ndiye aliyesema, lawama zije kwangu, mimi nimezizoea.

Najua wapo ambao tayari wanaandika huko chini kwamba ustadh ameuzwa. Subirini nimalize, kisha mnitukane mkiwa na wudhu.

Hakuna anayekanusha kwamba Mtume (s.a.w.) alitumia wanja. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), na Tirmidhi na wengineo wameipokea, kwamba aliusifu ithmid kuwa ndio wanja bora, unasafisha macho na kuotesha kope. Hilo ninaliamini na sina mjadala nalo. Swali langu ni jingine kabisa: hicho kilichomo ndani ya kichupa chako ni ithmid? Nani kakuambia? Kakuambia aliyekuuzia. Na yeye kaambiwa na nani? Na aliyemuuzia. Sisi ambao hadith moja tunaifuatilia mpokezi baada ya mpokezi mpaka tujue nani alikuwa dhaifu wa kuhifadhi, tukifika kwenye kichupa cha shilingi mia tunapokea kila riwaya!

Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad ameueleza ithmid kuwa ni jiwe jeusi la wanja linaloletwa kutoka Isfahan, na jingine hutoka Maghrib. Wataalamu wengi wa leo wanalinasibisha na madini ya antimoni. Lakini lipo jiwe jingine, nalo ni jeusi, zito, lenye kumeta, linaitwa galena. Hilo ni risasi iliyoungana na salfa. Ukiyasaga yote mawili, mimi na wewe kwa macho yetu hatuwezi kuyatofautisha. Na maabara za nchi mbalimbali zilipopima wanja wa dukani, zimekuta mara nyingi ni galena, kuna uliokuwa na risasi zaidi ya nusu ya uzito wake. Umepatikana hata ulioandikwa kwenye karatasi yake kuwa hauna risasi, nao unayo. Marekani wameupiga marufuku wanja wa aina hii kuingizwa na kuuzwa kama kipodozi.

Risasi ninayoisema ni yale madini laini ya kijivu. Ya bunduki imepata jina kutokana nayo, na ndiyo iliyojaa ndani ya betri ya gari. Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa habari zake na mtu wa mbali, tunayo Owino Uhuru, pale Mikindani. Kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ukutani kwa nyumba za watu. Moshi ukaingia majumbani na maji machafu yakapita mbele ya milango. Mama mmoja aliyeajiriwa pale, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa maradhi ya kila namna bila nafuu, mpaka alipopimwa damu ndipo ikaonekana risasi. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaiondoa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tulilaani kwenye mimbari, na tulikuwa na haki kulaani. Lakini madini yaleyale yaliyotutoa machozi Owino Uhuru, tunayatia wenyewe kwa kijiti ndani ya jicho la mtoto wa siku arobaini, tena kwa bismillahi.

Mtu atauliza, jicho na tumbo wapi na wapi? Jicho lina tundu dogo kwenye pembe linalopeleka machozi puani, na kutoka puani yanashuka kooni. Ndiyo maana ukitiwa dawa ya macho unasikia uchungu ulimini. Tena mtoto hafundishwi kufikicha macho, anafikicha, kisha vidole vinaingia mdomoni. Mwili wa mtoto mdogo unanyonya risasi iliyoingia tumboni mara nne mpaka tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Na risasi ina hila: mwili huidhania ni kalsiamu, madini yale ya maziwa yanayojenga mifupa. Ikapokelewa kama mgeni anayejulikana, ikakaa ndani ya mfupa miaka na miaka. Binti aliyepakwa akiwa mdogo, siku akishika mimba, mifupa inapotoa kalsiamu kumpa kiumbe kilichomo tumboni, risasi nayo inatoka kwenye maficho yake na kumfuata mtoto. Huo ni urithi ambao hakuna aliyeuandikia wasia.

Madhara yake makubwa ni kwenye ubongo unaokua. Inapunguza ufahamu, inamfanya mtoto asitulie, asishike anachofundishwa. Inapunguza damu mwilini. Kwa watu wazima inapandisha presha na kuharibu figo, na kwa wajawazito inaweza kutoa mimba. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana jambo hili linanihusu mimi.

Nimefundisha madrasa miaka 28. Kila mwaka kuna mtoto au wawili ambao sura fupi inawashinda, leo anaihifadhi, kesho imetoka. Nimewaita wavivu. Wengine nimewachapa, Allah anisamehe. Siwezi kusema walikuwa na risasi kwenye damu, hawakupimwa na sababu za usahaulifu ni nyingi. Ila haikunijia hata siku moja kwamba huenda mtoto hana kosa, na huenda aliyemharibia ni yule aliyempenda kuliko wote, aliyemkalisha mapajani na kumchora nyusi.

Na mimi ni miongoni mwao. Mwaka 2017 nilikwenda Umra. Madina nikanunua jiwe jeusi kwa mtu aliyeniapia kuwa hilo ndilo ithmid halisi. Nikarudi nalo, nikalisaga, nikawagawia majirani kama zawadi ya sunna, na sehemu nikampa binti yangu kwa ajili ya mjukuu wangu wa kike. Miaka miwili baadaye mpwa wangu, ambaye ni muuguzi, akanishika sikio kwa adabu: mjomba, mpimeni huyu mtoto. Nikamjibu maneno ambayo leo nikiyakumbuka nasikia haya. Nikasema sisi tulipakwa na babu zetu walipakwa. Mama yake alikuwa na akili kuliko mimi, akampeleka. Damu ikapelekwa Nairobi. Majibu yakaja mikrogramu 14 katika desilita moja, na Shirika la Afya Duniani linasema ukifika 5 chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe. Tukaacha wanja. Baada ya miezi sita ikashuka hadi 6. Sisemi kwa yakini kwamba chanzo ni jiwe langu peke yake. Palikuwa na rangi ya zamani inayobanduka kwenye dirisha, tuliibandua yote na kupiga deki kwa maji. Lakini nyumba ile kitu kilichokuwa kikiwekwa machoni mwake kila jioni kilitoka mkononi mwangu.

Hoja ya babu zetu bado naisikia, kwa hiyo niijibu. Risasi haiuwi kama nyoka, ukaona jeraha na povu. Inampunguza mtu. Mzee aliyefika miaka 90 huwezi kujua angekuwa nani kama asingepakwa. Na waliozikwa wachanga hawapo hapa kutuandikia maoni.

Kuna pia wanaosambaza video ya utafiti wa Wafaransa wa mwaka 2010 kuhusu wanja wa Misri ya kale, ati wamethibitisha kuwa risasi ni kinga ya macho. Utafiti ule upo. Walitia chumvi za risasi kwa kiwango kidogo sana kwenye seli za ngozi ndani ya maabara, wakaona seli zinaamsha kinga. Hawakumpaka mtoto yeyote, wala hawakusema apakwe. Ukileta ushahidi, ulete wote.

Na wanaompaka kwa ajili ya kijicho na hasadi, jicho ni kweli, limethibiti katika hadith. Lakini Mtume (s.a.w.) alipowakinga Hasan na Husein aliwaombea kwa maneno ya Allah, hakuwachora. Una Qul-a'udhu mbili, zisome. Hazina gharama na hazikai kwenye mfupa.

Sunna ni kile alichokifanya Mtume kwa kusudio alilolisema, nalo hapa ni kuyatengeneza macho. Kitu chenye kuharibu hakiwi sunna kwa kuitwa jina la sunna, kama vile pombe haiwi maji ya zabibu kwa kuandikwa hivyo kwenye chupa. Mtu mzima mwenye kutaka kutumia ithmid, atafute uliopimwa na aone karatasi ya maabara yenyewe. Mtoto aachwe kabisa, hana sharia inayomdai kupakwa.

Ndugu zangu mnaouza nje ya misikiti, ukiwemo wetu, siwaiti wezi. Wengi wenu hamjui. Lakini mnakumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la chakula akakuta chini kuna unyevu uliofichwa. Muulizeni anayewaletea karatasi ya vipimo. Akiwa hana, msiuze. Kuanzia Ijumaa ijayo hapa kwetu hautauzwa bila hiyo karatasi, nimeshazungumza na kamati.

Kwa yule mama aliyeniandikia: mwoshe mtoto uso na mikono kwa maji na sabuni laini, na mto wake uufue. Rudi kliniki uwaambie umempaka kwa muda gani, uombe apimwe damu, na wewe pia kwa sababu unanyonyesha. Usiache kunyonyesha ila daktari akuambie. Wewe kula vyenye madini ya chuma na kalsiamu, dengu, maharagwe, dagaa, maziwa, maana mwili wenye njaa ya hivyo ndio unaoipokea risasi kwa pupa. Usikubali mtu akuuzie dawa ya kusafisha damu, matibabu ya risasi yapo hospitali na hutolewa kwa kipimo. Kichupa usikichome wala usikimwage uani kwenye kuku na watoto. Kifunge kwenye mfuko, ukipeleke hukohuko kliniki.

Jiwe langu la Madina bado ninalo. Limo ndani ya kopo lililofungwa, juu ya kabati ya ofisi ya msikiti ambako mkono wa mtoto haufiki. Aliye na jamaa anayefanya kazi kwenye maabara inayopima madini aniandikie faragha. Likipimwa nitayaweka majibu hapahapa, yawe ya kunipendelea au ya kuniumbua.

Wabillahi tawfiq.