Filamu Zetu na Diski Moja

Naam, msomaji, mhariri wa filamu wa Kangemi au Kawangware, atumiaye kompyuta ya nyumbani, hushuka mjini hadi barabara ya Luthuli akaulizia diski ya bei nafuu. Swali ni jema, ila ni nusu.

Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Diski ya SSD, isiyo na sahani izungukayo, husoma upesi, lakini kwa ukubwa ule ule ni ghali zaidi. Basi SSD ndogo na iwe ya kazi iliyo mezani. Ya kuzunguka, iliyo kubwa, iwe ghala. Na ghala ziwe mbili, moja ilale nyumba nyingine, kwani diski hufa bila kuaga.

Filamu za Riverwood, zilizopata jina kwa River Road, ziliuzwa kwa VCD na DVD, nyingi kwa Kikikuyu na Kikamba. Sahani hizo hukwaruzika. Mwenye nakala moja hana akiba, ana bahati tu. Diski ya pili yanunulika. Mwigizaji aliyekwenda mbele ya haki harudi kuigiza tena.