Jina la Sister Souljah Lisifanywe Mtaji

Liko neno moja ambalo wanasiasa wa Marekani hulitumia hata leo. Mkubwa wa chama akitaka kuwapendeza wapiga kura wasiompenda, humtafuta mtu wa upande wake mwenyewe, mtu mwenye maneno makali, akamkemea hadharani ili wote waone. Kitendo hicho wamekipa jina la mwanamke mmoja mweusi, Sister Souljah. Wengi walisikia jina hilo kwa ajili ya mkasa huo tu, wala hawajui mwenye jina ni nani na amefanya kazi gani. Sisi twaona hiyo ni dhuluma. Yafaa mwenyewe arudishiwe jina lake.

Alizaliwa mwaka 1964 katika Bronx, New York, akaitwa Lisa Williamson. Alilelewa katika nyumba za serikali wanamokaa makabwela, kwa fedha za msaada. Umaskini haukumfunga mdomo. Alisoma Chuo Kikuu cha Rutgers, akashika historia ya Marekani na mambo ya Afrika, na huko akaingia katika mapambano ya kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Alikwenda mpaka Zimbabwe akafanya kazi na watoto wakimbizi waliokimbia vita vya Msumbiji. Ndugu wasomaji, wako wanaolitaja Bara letu katika nyimbo ili wapigiwe makofi. Huyu alilijia kwa miguu yake na kwa kazi ya mikono yake.

Kwao nako hakukaa bure. Alifanya kazi katika tume ya haki ya kanisa la United Church of Christ, akaanzisha kambi ya watoto wa familia zisizo na makao kule North Carolina, ili wakati wa likizo wapate kukaa na kufundishwa mbali na taabu za mjini. Fedha alizitafuta kwa kuwakusanya waimbaji wa hip hop wafanye maonyesho. Twawauliza wale wasemao kwamba hip hop ni kelele za wahuni: ni wangapi kati yao waliomtafutia mtoto asiye na nyumba hata mahali pa kulala?

Baadaye alijiunga na kundi la Public Enemy, ambalo nyimbo zake zilikuwa za siasa waziwazi, na mwaka 1992 akatoa sahani yake mwenyewe. Mwaka huohuo ndipo mambo yalipochafuka. Mwezi wa Aprili, mahakama katika California haikuwatia hatiani polisi wanne waliompiga Rodney King, ingawa kipigo hicho kilikuwa kimepigwa picha na kuonekana duniani kote. Los Angeles ikawaka moto. Watu zaidi ya 50 wakafa.

Souljah alihojiwa na gazeti la Washington Post juu ya fujo hizo. Akasema, kwa maana, kwamba ikiwa weusi huuana wao kwa wao kila siku, kwa nini wasitenge juma moja wakaua weupe? Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa akieleza mawazo ya kijana wa magenge, aliyezoea kuua, wala hakuwa akitoa amri.

Sisi twasema wazi: maneno hayo hayakuwa mema. Damu haioshwi kwa damu, na mtu anayesemea wanyonge hana budi kuupima ulimi wake, kwa sababu adui husubiri neno moja tu apate kuyafuta mia. Lakini kosa la maneno ni jambo moja, na kufanya biashara kwa kosa hilo ni jambo jingine.

Tarehe 13 Juni, 1992, Bill Clinton, aliyekuwa akigombea urais kwa chama cha Democratic, alikwenda Washington katika mkutano wa Rainbow Coalition, chama cha Mchungaji Jesse Jackson. Siku moja kabla, Souljah alikuwa amealikwa hapo kuzungumza. Clinton akasimama mbele ya wenyeji wake, akasema kwamba ukibadilisha maneno yale, weusi ukaweka weupe, ungedhani ni David Duke anayesema. Duke huyo aliwahi kuwa mkubwa katika Ku Klux Klan, kundi ambalo jina lake ni kamba za kunyongea watu weusi. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaumia.

Je, Clinton alikuwa akisema na nani siku ile? Kama alitaka kumwonya kijana aliyekosea, angemwita wakazungumza. Twaamini kwamba maneno yake yalikuwa ya watu wasiokuwamo ukumbini, weupe waliotaka kuona kama mgombea huyu ana ujasiri wa kuwakemea weusi. Jackson alimtetea Souljah, lakini shabaha ilikuwa imekwisha kupigwa. Mwezi wa Novemba Clinton alishinda, na weusi walio wengi sana walimpa kura zao. Mwaka 1994 akatia sahihi sheria ya jinai iliyotoa fedha nyingi za kujenga magereza. Mwaka 2015 yeye mwenyewe alikiri mbele ya wanachama wa NAACP kwamba sheria hiyo ilizidisha ubaya.

Na Souljah? Wengi walidhani amekwisha. La hasha! Alishika kalamu. Mwaka 1994 alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka 1999 riwaya iitwayo The Coldest Winter Ever, ya binti wa mwuza madawa ya kulevya wa Brooklyn anayependa nguo na anasa, na mwisho wake ni gerezani. Mwandishi alijitia mwenyewe ndani ya hadithi, na binti huyo hampendi hata kidogo! Mtu mwenye chuki hawezi kujicheka hivyo. Kitabu kiliuzwa zaidi ya nakala milioni moja, kikasomwa na vijana ambao walimu walisema hawasomi, na kikawafungulia njia waandishi wengi wa hadithi za mitaani. Mwaka 2008 akatoa riwaya nyingine, shujaa wake kijana Mwislamu kutoka Sudan, mwenye kumheshimu mama yake na kujitawala katikati ya uchafu wa mji. Afrika aliyoijia ujanani hakuisahau.

Funzo tunalolipata ni hili. Chama chochote kina watu wake wenye ndimi kali. Wakikosea waambiwe, na waambiwe ndani ya nyumba, kwa haki. Kiongozi anayewatoa kafara watu wake ili apendwe na majirani hawezi kujua ataishia wapi, maana majirani watadai kafara nyingine kesho. Nasi wananchi tusikubali kupewa historia ya mtu kwa sentensi moja aliyochaguliwa na wengine. Tuulize alifanya nini, alimlisha nani, aliandika nini. Souljah tukimwuliza hivyo, anayo majibu mengi.