Diski zingali hai, viunganishi ndivyo vilivyotoweka

JINA la Commodore, lililodhaniwa kuzikwa pale kampuni hiyo ya Marekani ilipofilisika mwaka 1994, lilirejea sokoni mwaka 2025 baada ya kundi la wapenzi wa tarakilishi za kale kulinunua na kuanza kuuza toleo jipya la Commodore 64. Wengi walilichukulia tukio hilo kuwa mchezo wa watu wazima wanaotamani utoto wao. Hata hivyo, nyuma ya shamrashamra hizo kuna suala zito zaidi. Barua, hesabu na kazi za sanaa zilizohifadhiwa kwa mashine za miaka ya themanini zimo ndani ya diski ngumu ambazo sasa hazina pa kuchomekwa.

Ikumbukwe kwamba tarakilishi nyingi za nyumbani za enzi hizo hazikuuzwa zikiwa na diski ngumu. Commodore 64 na ZX Spectrum, zote za mwaka 1982, zilitegemea kanda za kaseti na flopi. Hata IBM PC/XT ya mwaka 1983, mashine ya ofisini na ya bei ghali, ilikuja na diski ya megabaiti 10, ambazo leo humezwa na picha chache za simu. Aliyetaka diski ngumu kwa Amiga 500 au Atari ST alilazimika kununua sanduku la kando na kiunganishi chake, na kila kampuni ilijichagulia njia. Atari, kwa mfano, ilitumia ACSI, inayokaribiana na SCSI lakini isiyolingana nayo.

Kiini cha tatizo ni mahali ilipowekwa akili ya kusoma data. Kwa diski za mtindo ulioanzishwa na Seagate mwaka 1980 kupitia ST-506, diski yenyewe haikujua lolote. Kadi iliyokuwa nje yake ndiyo iliyopanga data na kuisoma. Kwa hiyo diski iliyoandikwa na kadi ya kampuni moja mara nyingi haisomeki kwa kadi ya kampuni nyingine, ijapokuwa nyaya zinaingia barabara. Kadi ikiungua, diski nzima hubaki kama kasha ambalo ufunguo wake umetupwa baharini.

Mambo yalibadilika SCSI ilipokubaliwa kuwa kanuni rasmi mwaka 1986, na IDE ikajitokeza wakati uo huo. Akili ilihamia ndani ya diski. Tofauti hii ndiyo inayoamua leo nani ataokoa kumbukumbu zake na nani atazikosa. Diski ya IDE iliyo nzima husomwa kwa adapta ya bei nafuu ya USB, na hiyo ni habari njema hata kwa wenye tarakilishi za mitumba zilizoingia Nairobi miaka ya 2000, kwani nyingi zilitumia diski za aina hiyo. Isitoshe, kadi za kumbukumbu za CompactFlash zinaelewa lugha ya IDE, hivyo Amiga 1200 ya mwaka 1992 huweza kupewa kadi badala ya diski kupitia kipande chenye nyaya na soketi tu. Kwa SCSI kuna vibao kama BlueSCSI, vinavyoifanya kadi ya SD ijifanye diski ya zamani.

Hayo yote yana mitego yake. Baadhi ya diski kuukuu zina mpira ndani ambao umeyeyuka na kunata, na kuziwasha kwa pupa kunaweza kuwa mwisho wake. Nayo programu ya zamani ya Amiga haitambui nafasi inayozidi gigabaiti 4: ikivuka hapo, inaweza kurudi mwanzo na kuandika juu ya data iliyopo.

Uzito wa suala hili ulidhihirika Uingereza. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, BBC ilitoa diski za leza zenye maelezo na picha kutoka kwa zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wanafunzi. Zilisomwa na tarakilishi ya Acorn iliyounganishwa kwa SCSI na kichezeshi maalumu cha Philips, ambacho shule nyingi hazikuweza kukimudu. Kufikia mwaka 2002 ilihofiwa kwamba data hiyo ingepotea, ilhali kitabu cha mwaka 1086 kilikuwa kingali kinasomeka. Watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan ndio waliounda programu ya kuigiza mashine hiyo. Mwaka 2011 BBC iliweka sehemu ya kazi hiyo kwenye intaneti, kisha mwaka 2018 tovuti hiyo ikafungwa na nakala yake kubaki kwenye hifadhi ya kitaifa ya Uingereza.

Waliorejesha uhai kwa vyuma vyenyewe ni watu wa kujitolea. Mradi wa Domesday86 ulitengeneza BeebSCSI, kibao kinachochukua nafasi ya diski ngumu ya Acorn na hata ya kichezeshi kile cha Philips. Michoro yake iko wazi, na hapo ndipo unapozidi kampuni zilizotangulia: mafundi wake wakichoka, yeyote mwenye ujuzi wa kulehemu anaweza kutengeneza kingine.