Mchoraji wa Vitabu vya Watoto Naye Ana Jina

Mwaka jana, katika somo la fasihi ya watoto, tuligawiwa vitabu kumi vya hadithi tuvihakiki. Kila kundi lilitaja mwandishi, mchapishaji, dhamira, wahusika na mafunzo. Nilipouliza nani amechora, mwenzangu mmoja alisema: "Picha ni pambo tu. Sisi tunasoma fasihi." Darasa likacheka, tukaendelea na kitabu kingine. Insha hii ni jibu ambalo sikulitoa siku ile.

Ninalo la kusema kwa sababu kazi hii ndiyo inayonisomesha. Nimezaliwa Muyinga, naishi Gitega, na sehemu kubwa ya karo yangu hutokana na kuchora vitabu vya watoto. Hadithi ya kurasa 24 huniletea maneno machache tu. Mengine yote ni yangu kuyatafuta: mtoto ana umri gani, nyumba yao imeezekwa kwa vigae au kwa mabati, jua liko upande gani. Nikiweka kiraka kwenye goti la kulia ukurasa wa tatu, kiraka hicho lazima kibaki goti la kulia mpaka mwisho, maana mtoto atakiona kosa kabla ya mhariri. Huanza penseli, yakafuata masahihisho, wino, rangi, kisha masahihisho tena. Umeme ukikatika nangoja asubuhi, kwa kuwa rangi iliyopakwa kwa mwanga wa mshumaa hudanganya.

Mnaosema picha ni pambo, hebu tutazame ngoma. Hadithi inasema, "Wapiga ngoma walifika." Mwandishi amemaliza kazi yake kwa maneno matatu. Mimi itanibidi niende Gishora, si mbali na mji huu wa Gitega, nikatazame ngoma yetu ilivyo: imechongwa kwa gogo, ngozi imeshikwa kwa vigingi vya mti, inapigwa kwa fimbo mbili, na mpigaji huibeba kichwani. Nimeona kitabu walichopewa watoto wetu ambamo wapiga ngoma wa Burundi wamekaa na ngoma za Afrika Magharibi katikati ya magoti, wakizipiga kwa viganja. Maandishi yalikuwa sahihi, lakini kitabu kilikuwa kinasema uongo. UNESCO iliiandika ngoma yetu katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na bado mtoto wa Gitega anaonyeshwa ngoma isiyo yake.

Sasa twende Muyinga. Mwaka 2012 ilijengwa pale maktaba ya matofali ya udongo, yenye wavu mkubwa wa kamba za katani ambamo watoto hupanda wakajilaza na vitabu vyao. Ilibuniwa iwe sehemu ya shule ya watoto viziwi. Mtoto kiziwi ambaye bado hajajua kusoma hawezi kusomewa hadithi kwa sauti kama wenzake. Kama hakuna anayemsimulia kwa lugha ya alama, mlango wake wa kuingilia hadithi ni picha. Na tusidhani kwamba anayesikia hana haja nayo. Mtoto wa kilimani anayezungumza Kirundi nyumbani hukuta katika kitabu cha Kiswahili maneno "pweza" na "jahazi". Bahari hajaiona. Mwalimu wake huenda naye hajaiona. Anayemfundisha neno hilo ni mchoraji, tena bila kutafsiri.

Shukrani ya punda ni mateke. Kitabu changu cha kwanza tulikubaliana kwa mdomo. Nililipwa mara moja, kwa hesabu ya picha, nikarudia kurasa sita bila malipo, na nauli za kupeleka rasimu zilitoka mfukoni mwangu. Kitabu kilipotoka nilipanda gari nikapita Karuzi hadi Muyinga nikampelekee mama. Aliangalia jalada, akafunua ndani. Jina la mwandishi lilikuwepo, la mhariri lilikuwepo, hata la mpiga chapa. Akaniuliza, "Wewe uko wapi humu?" Baadaye nilizikuta picha zilezile kwenye kalenda. Hakuna aliyeniuliza.

Najua wachapishaji watajibu nini. Soko ni dogo, karatasi ni ghali, nakala zinazochapwa ni chache, na wazazi wengi hawana faranga za kununulia kitabu cha hadithi. Hayo ni kweli, na sidai utajiri. Lakini kuandika jina la mchoraji huchukua mstari mmoja, na mkataba hukaa kwenye karatasi moja. Vitabu vya African Storybook hutolewa bure, na bado humtaja mchoraji pamoja na mwandishi. Kama kitabu kisichouzwa kinaweza kufanya hivyo, kinachouzwa kinashindwa na nini?

Sheria nayo ipo. Sheria ya Burundi ya tarehe 30 Desemba 2005 inalinda haki za mtunzi, na mwaka 2016 nchi yetu iliingia katika Mkataba wa Berne, unaohesabu mchoro kuwa kazi ya sanaa na kumpa mtunzi haki ya kutambuliwa hata baada ya kuuza haki za kuichapisha. Huko Marekani Medali ya Caldecott hupewa mchoraji wa kitabu cha watoto tangu mwaka 1938. Jirani zetu Watanzania wana John Kilaka, anayeandika na kuchora mwenyewe, na vitabu vyake vimepata wachapishaji Uswisi. Je, mchoraji wetu naye asubiri Ulaya imwite kwa jina lake?

Lawama haziwaangukii wachapishaji peke yao. Sisi tunaosoma Kiswahili ndio walimu na wahariri wa kesho, na ndio tuliocheka darasani. Walimu wetu, naomba uhakiki wa kitabu cha watoto usiomtaja mchoraji upunguziwe alama, kama mngefanya kwa usiomtaja mwandishi. Wenzangu mtakaoajiriwa na wachapishaji, andikeni mkataba kabla ya kuomba rasimu. Na ninyi mnaochora, msipeleke picha bila karatasi iliyotiwa sahihi.

Mwezi uliopita nilikataa kazi ya kurasa 16 kwa sababu mteja hakutaka jina langu lionekane. Karo ya muhula huu bado sijaimaliza, na sijui atakayeichukua kazi ile atalipwa nini. Tutakaporudi kwenye somo lile nitauliza tena nani amechora. Safari hii naomba mmoja wenu afungue kitabu atafute.