Fanyeni Kazi Nyumbani, Mtandao Tumezima

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, maandamano yalilipuka, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje na intaneti ikazimwa nchi nzima. Halafu serikali hiyohiyo ikatangaza kwamba kesho yake watumishi wa umma wafanye kazi wakiwa nyumbani. Kwa mtandao upi, jamani? Ulianza kurudi Novemba 3.

Huku Nairobi watu walicheka. Sisi tunaokula kutoka upande ule hatukucheka sana. Kuna kampuni ndogo ya Arusha ambayo huwa naihariria maandishi. Kazi nilikuwa nimemaliza, ila ujumbe ulikaa na tiki moja siku nzima, kesho tena, kesho kutwa tena. Mtandao uliporudi nikaambiwa siku hizo hazilipwi kwa sababu ati hakukuwa na kazi.

Na msiniambie hayo ni ya Tanzania pekee. Mei mwaka huohuo walimrudisha Martha Karua alipokwenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu. Julai wakapiga wageni marufuku katika biashara 15, hadi kutengeneza simu. Sisi pia tusijifanye malaika: Besigye alitekwa hapahapa Nairobi Novemba 2024, akajipata mahakama ya kijeshi Kampala. Serikali hizi hugombana mchana na kusaidiana usiku. Sasa wewe umeajiriwa Nairobi, umetumwa Dar, risasi zinalia. Ukimwambia bosi, "Narudi nyumbani, nitafanyia kazi huko," anakujibu nini? Anaweza kukuambia umetoroka kazi.

Sheria yetu ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mkataba utaje mahali pa kazi. Sawa, patajwe. Lakini pakigeuka uwanja wa vita je? Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamfikiria mfanyakazi anayevuka mpaka na mkoba wake. Huyu aliyebaki Umoja na laptopu na bando la siku, analipwa kutoka ng'ambo ya Namanga, yuko wapi humo? Wakati huo, Oktoba 2024, Rais Ruto alitangaza kibali maalum cha wageni wanaofanya kazi za mbali wakiwa Kenya. Kumbe wakitaka, wanajua kuziandikia kazi hizi kanuni.

Waajiri watalia kwamba kampuni ndogo haziwezi kubeba mzigo huo. Lakini lori la hiyo kampuni ndogo halivuki Namanga bila bima. Mtu ndiye anavuka hivihivi.

Ninachodai kinaweza kuandikwa kwa ukurasa mmoja. Mkataba useme kwamba serikali yoyote ikizima mtandao au ikifunga mpaka, malipo ya kazi iliyofanywa hayapotei. Useme mfanyakazi aliyetumwa nchi jirani anaweza kurudi na kufanyia kazi kwao hali ikichafuka, bila kufutwa na bila kukatwa. Na utuhusu hata sisi tusio na barua ya kuajiriwa, tunaolipwa kwa kipande, kwa sababu tukikatwa hatuna hata ofisi ya kwenda kupigia kelele.