Nyutroni na Kiu ya Kaskazini Mashariki

Wapo wanaodhani kwamba upigaji picha kwa nyutroni ni elimu ya mataifa tajiri, isiyomhusu mwanafunzi wa Garissa. Dhana hiyo haina mashiko. Eksirei huzuiwa na metali nzito. Nyutroni, kinyume chake, hupenya hata risasi, ila hutawanywa na haidrojeni iliyomo katika maji. Hivyo basi, huyafichua maji yaliyojificha ndani ya udongo, katika mizizi ya mimea, hata katika jasi ya El Wak, kwani fuwele za jasi zimebeba maji. Je, ni nani mwenye haja ya elimu hiyo kuliko wakazi wa nchi kame?

Mwaka 2018, wanasayansi wa Japani walieleza kitambuzi cha nyaya nyembamba za niobi, kilichopozwa hadi karibu nyuzi 269 za selsiasi chini ya sifuri, ambapo umeme hupita bila ukinzani. Nyutroni inapomezwa na boroni, chembe zinazotoka huutikisa mkondo huo, na mahali ilipoangukia hujulikana. Picha zake zilibainisha vitu vya mikromita 22.

Ni kweli kwamba Kenya haina kinu cha nyuklia. Hata hivyo, Afrika Kusini ina kinu cha utafiti cha SAFARI-1, Pelindaba, tangu 1965, na nyutroni zake zimetumika kupigia picha. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichotunukiwa hati mwaka 2017, hakina budi kuandaa wanafizikia watakaobisha mlango huo wakiwa na udongo na jasi ya kwao mkononi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.