Bwana Inspekta, uliza kwa nini wanatupima mimba

Kwa Bwana Inspekta wa Kazi, Jimbo la Haut-Katanga, Lubumbashi

Bwana Inspekta,

Nakuandikia kutoka Kapolowe, kando ya ziwa Tshangalele. Nilisoma kemia, nikahitimu, na sasa nafundisha saa chache kwa wiki katika sekondari moja ya hapa. Wasichana niliomaliza nao wengi wako nyumbani. Mmoja ana lisansi ya uchumi, anauza samaki wakavu pale Kapolowe-Gare. Kuuza samaki si aibu. Mama zetu walitulipia masomo kwa samaki hao hao. Lakini walilipa ili tufike mbali kuliko soko lile.

Tunaambiwa kazi hakuna. Mbona malori ya shaba na kobalti yanapishana kwenye barabara ya taifa namba 1, kati ya Likasi na Lubumbashi, usiku na mchana? Kituo cha umeme cha Mwadingusha, kinachotumia maji ya ziwa letu, kilikarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2021 kikiwa na megawati 78 kwa ajili ya mgodi mkubwa wa upande wa Kolwezi. Migodi ya huku inaajiri wahasibu, wakemia, watu wa maabara na wa mazingira. Wasichana tunakwama mlangoni.

Mimi nilikwama hivi. Nilipeleka dosie kwa kampuni moja inayoutafutia mgodi wafanyakazi: barua, sivi, atestasheni ya chuo (shahada yenyewe hukawia mno), kadi ya ONEM, ofisi ya taifa ya ajira. Nikaitwa, nikaulizwa maswali ya kazi, nikayajibu. Kisha tukapewa fomu ya kwenda kwa daktari, mimi na wavulana wawili. Yao ilitaja macho, kifua na damu. Yangu ilitaja hayo, na chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: kipimo cha mimba. Aliyeandika kwa mkono alijua vizuri kwamba mstari ule hauwezi kuchapishwa. Nilipouliza sababu nikajibiwa, "Dada, ndiyo utaratibu. Kwani mwaka huu unaolewa?" Kazi yenyewe ilikuwa kuingiza matokeo ya maabara kwenye kompyuta.

Bwana Inspekta, unaijua sheria hii kuliko mimi. Kifungu cha 128 cha Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 kinakataza kumtaka mwanamke anayeomba kazi apimwe mimba au alete cheti cha kuonyesha kama ana mimba au hana. Kimeacha nafasi moja tu: kazi ambazo mjamzito au anayenyonyesha amekatazwa, au zenye hatari inayojulikana kwa afya ya mama na mtoto. Ni haki nafasi hiyo iwepo. Anayesimama juu ya matangi ya asidi ya salfuriki anahitaji kulindwa. Lakini makampuni yameitanua hadi imemeza kila kazi, hata ya kuhesabu mishahara ofisini. Kinga iliyowekwa kwa ajili ya mama imegeuzwa kuwa sababu ya kumnyima kazi msichana ambaye hata mimba hana.

Makampuni mengine hupatana na msichana kwa siku, bila mkataba wa maandishi. Kanuni hiyo hiyo inasema anayefikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, ahesabiwe kuwa na mkataba usio na kikomo. Ndiyo maana siku ya 20 au 21 anaambiwa apumzike, ataitwa. Na wapo wanaume wanaoomba malipo ya mwili kabla dosie haijafika mezani. Hilo lataka mlango wa siri ofisini kwako na mwanamke wa kutusikiliza, maana hakuna msichana atakayelisema kwenye korido mbele ya watu.

Wewe na wenzako mna haki ya kuingia mahali pa kazi bila kubisha hodi. Ninachoomba ni hiki: ingieni kwenye makampuni ya Likasi na Kambove yanayotafutia migodi watu, mchukue fomu za daktari za miezi 12 iliyopita, za wanawake na za wanaume, mzilinganishe. Kila kampuni iliyopima mimba ieleze kwa maandishi ni kazi ipi na hatari ipi. Itakayoshindwa iadhibiwe kama sheria inavyotaka, na walioachwa kwa sababu hiyo dosie zao zifunguliwe upya. Kisha tangazo la kifungu cha 128 libandikwe kwa Kifaransa na Kiswahili kwenye mageti, na hapa Kapolowe pia, ili msichana alisome kabla hajapanda gari kwenda mahojiano.

Fomu yangu ninayo bado, na mstari ule wa kalamu unasomeka. Wenzangu watatu wamekubali kuleta za kwao. Tuambie siku, tutakuja Lubumbashi.

Kwa heshima,

Mwalimu wa kemia, Kapolowe